Mzigo Ulio Juu ya Nguzo

Katika ua wa Palazzo Te, jumba la starehe ambalo Giulio Romano aliijengea familia ya Gonzaga mjini Mantua, Italia, kuanzia miaka ya 1520, kuna mawe yanayoonekana kuanguka. Juu ya nguzo, kila baada ya nafasi fulani, kipande cha pambo kimeteleza kutoka safu yake na kushuka, kikaacha pengo juu yake. Mgeni huinua macho kwa wasiwasi na kuharakisha hatua. Hana la kuogopa. Mteremko huo ulichorwa, ukachongwa na kujengwa makusudi, nao umedumu karibu miaka 500.

Mzaha huo unagusa jambo ambalo wasanifu wa majengo wamelibishania kwa zaidi ya miaka 2,000. Sehemu ya jengo la Kigiriki au la Kirumi iliyo kati ya vichwa vya nguzo na paa huitwa entablatura. Imejaa mapambo: vibao vyenye mifereji, vijitone, meno, majani, picha za vita na za maandamano. Je, mapambo hayo ni viungo vya jengo, au ni vazi tu? Wapo walioyaona kuwa kumbukumbu ya useremala wa kale uliogeuzwa mawe. Wapo walioyaona kuwa uongo unaostahili kubanduliwa. Wengine wakayatungia kanuni za namba, vizazi vya wanafunzi vikazikariri.

Ubishi haujaisha kwa sababu watu wameulizana kana kwamba entablatura ina kazi moja. Tangu mwanzo ilikuwa na tatu: kubeba, kukinga mvua na kuonyesha kipimo cha jengo. Kazi hizo zinaweza kutengana, na historia yake ni historia ya kutengana huko. Ile ya kubeba, ambayo ndiyo inayotajwa kwanza, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuondoka.

Tabaka tatu

Nguzo ikishafika kwenye kichwa chake, juu yake hulazwa boriti ya mawe inayotoka nguzo hadi nguzo. Hiyo ni arkitravu, na kazi yake ni ileile ya linta juu ya mlango. Juu ya arkitravu hupita mkanda uitwao frizi. Juu kabisa hutokeza konisi, ukingo unaochomoza mbele ya ukuta. Zote tatu kwa pamoja ndizo entablatura.

Kila mtindo uliipamba kwa namna yake. Wajenzi wa Kidoriki waliigawa frizi katika aina mbili za vipande vinavyopokezana: triglifu, kibao kilichosimama chenye mifereji ya wima, na metopi, kibao kinachokaribia mraba ambacho huachwa kitupu, hupakwa rangi au huchongwa picha. Chini ya kila triglifu huning'inia vijitone 6 vya mawe, na chini ya konisi hulala vibao vipana vyenye vijitone 18 kila kimoja. Wajenzi wa Kiioniki waliikata arkitravu katika mapana matatu, kila moja likitokeza kidogo kuliko lililo chini yake. Huko Asia Ndogo waliweka juu yake safu ya vijiwe vya mraba viitwavyo meno. Athens walipendelea frizi isiyokatika, yenye picha mfululizo. Mtindo wa Kikorintho ulirithi vya Kiioniki, na Warumi wakauongezea modilioni, yaani vishikizo vilivyopinda chini ya konisi.

Weupe tunaouona leo kwenye magofu unapotosha. Triglifu zilipakwa buluu iliyokolea, mikanda myembamba ilipakwa nyekundu, na picha za metopi zilisimama mbele ya rangi. Aliyetazama kutoka chini aliziona tabaka zimetengana waziwazi hata jua likiwa kali.

Kumbukumbu ya seremala

Maelezo ya kale zaidi yaliyotufikia kuhusu asili ya maumbo haya ni ya Vitruvius, msanifu na mhandisi wa Kirumi aliyeandika vitabu kumi juu ya ujenzi katika miaka ya 20 KK na kumtunukia Kaisari Augusto. Katika kitabu cha nne anasema mafundi wa zamani walijenga kwa mbao. Ncha za boriti zilizotokeza ukutani walizikata, na kwa kuwa hazikupendeza macho, wakazifunika kwa vibao vilivyopakwa nta ya buluu. Hizo ndizo triglifu. Vibao vilivyo chini ya konisi ya Kidoriki anavinasibisha na ncha za makombamoyo, na meno ya Kiioniki na ncha za fito za paa.

Maelezo hayo yanavutia, na yana vya kuyaunga mkono. Huko Myra, kusini-magharibi mwa Uturuki ya leo, makaburi ya Walikia yaliyochongwa mwambani yanaiga nyumba za mbao hatua kwa hatua: mihimili, viungo, hata ncha za magogo zilizopangwa safu chini ya ukingo wa paa. Hapo jiwe linaigiza mbao bila kificho, na meno ya Kiioniki yanafanana mno na ncha hizo. Hekalu la Hera huko Olympia, lililojengwa mnamo 600 KK, lilikuwa na nguzo za mbao zilizobadilishwa moja baada ya nyingine kuwa za mawe. Msafiri Pausanias alipopita hapo katika karne ya 2 BK aliikuta moja ya mti wa mwaloni ingali imesimama.

Lakini ichukue triglifu na ujaribu kuirudisha kwenye mbao: haikai. Boriti za dari huvuka upana wa jengo, kwa hiyo ncha zake zingeonekana pande mbili tu. Triglifu ziko pande zote nne, hata mbele na nyuma, ambako hakuna boriti ya kutokeza. Kwenye kona zinakutana mbili, ilhali boriti mbili zinazokwenda pande tofauti haziwezi kupita mahali pamoja katika kimo kimoja. Katika mahekalu ya mawe yaliyosalia, boriti za dari mara nyingi hukaa juu zaidi ya frizi, na idadi yake hailingani na idadi ya triglifu. Tena hekalu la Apollo huko Thermon, la karne ya 7 KK, lilikuwa na metopi za udongo wa kuchoma zilizochorwa picha kwa rangi. Frizi ilikuwa ubao wa picha mapema kuliko nadharia ya Vitruvius inavyopenda. Katika miaka ya karibuni mtafiti Mark Wilson Jones amependekeza kwamba umbo la triglifu linahusiana na vyombo vya shaba vya miguu mitatu vilivyotolewa sadaka kwenye mahekalu.

Vitruvius mwenyewe anatoa kipimo kinachomrudi. Anasema Wagiriki hawakuweka meno chini ya vibao vinavyowakilisha makombamoyo, kwa kuwa katika paa halisi fito hazilali chini ya makombamoyo. Lisilowezekana katika mbao lisionyeshwe katika mawe. Tazama sasa hekalu la Castor katika uwanja wa Forum mjini Roma: meno yapo, na juu yake modilioni, bila haya. Wachongaji walikuwa wamekwisha kuyachukua maumbo kama maumbo, na hawakumwomba seremala ruhusa.

Kwa hiyo useremala ulitoa malighafi, haukutoa mpangilio. Wachonga mawe wa karne ya 7 na ya 6 KK walichukua ncha, vigingi na vibao walivyovizoea, wakavisambaza kwa namna ambayo hakuna nyumba ya mbao iliyowahi kuwa nayo, ili wapate mdundo mmoja unaolizunguka jengo zima.

Ugomvi wa kona

Mdundo huo ulikuwa na gharama, na gharama ilijitokeza kwenye kona. Kanuni za Kidoriki zilikuwa mbili. Ya kwanza, kila nguzo iwe na triglifu juu ya kitovu chake, na triglifu nyingine ikae katikati ya nafasi baina ya nguzo mbili. Ya pili, frizi imalizike kwa triglifu, si kwa metopi. Kanuni hizo zinapatana upande mzima wa jengo hadi nguzo ya mwisho. Arkitravu ya mawe lazima iwe nene, nayo huwa nene kuliko upana wa triglifu. Ukiisogeza triglifu ya mwisho hadi ukingoni, inatoka kwenye kitovu cha nguzo, na metopi iliyo kando yake inatanuka kuliko wenzake. Ukiiacha juu ya kitovu, kona inabaki na kipande kisicho na jina.

Kwa karibu karne mbili wajenzi walitafuta njia. Wengine walitanua metopi za mwishoni kidogo kidogo ili jicho lisigundue. Wengine waliisogeza ndani nguzo ya kona. Katika Parthenon, hekalu la Athens lililoanza kujengwa mwaka 447 KK chini ya Iktinos na Kallikrates, umbali wa kawaida kutoka kitovu cha nguzo hadi kitovu cha nguzo nyingine ni takriban mita 4.3, kwenye kona unapungua hadi karibu mita 3.7. Nguzo zenye kimo cha zaidi ya mita 10, zinazobeba mzigo kwelikweli, zimehamishwa zaidi ya nusu mita ili vibao visivyobeba kitu vikae sawa.

Huo ndio ushahidi mkubwa dhidi ya wanaosema pambo huja mwisho, jengo likishakamilika. Hapa pambo limetangulia na nguzo imefuata. Frizi ya Kidoriki ndiyo iliyokuwa rula ya jengo: idadi ya triglifu iliamua idadi ya nguzo, upana wa nafasi na urefu wa kuta. Parthenon ina metopi 92, yaani 14 mbele, 14 nyuma na 32 kila upande wa urefu. Kipimo cha upande mmoja kikibadilika, nyingine zote zinadai zihesabiwe upya.

Wapo waliochoka. Vitruvius anasimulia kwamba msanifu wa Kigiriki Hermogenes, baada ya kukusanya marumaru ya hekalu la Kidoriki, alibadili nia na kutumia mawe yaleyale kumjengea Dionysos hekalu la Kiioniki, ambalo frizi yake haina triglifu za kugombana na kona. Anamtaja pia Pytheos miongoni mwa waliosema mtindo wa Kidoriki haufai kwa mahekalu. Mtindo wenye nguvu kuliko yote uliachwa na mafundi stadi kwa sababu ya kibao kimoja cha mwisho wa safu.

Jiwe halipendi kuvutwa

Kazi ya kubeba ilikuwa na ugumu wake. Boriti ikilazwa juu ya nguzo mbili, uzito huikunja: upande wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Jiwe huvumilia kubanwa sana, lakini nguvu yake ya kuhimili mvuto ni ndogo mara nyingi zaidi. Nafasi ikiongezwa maradufu huku unene ukibaki uleule, uzito wa boriti peke yake unazidisha mvuto mara nne. Ndiyo maana nguzo za mahekalu zimesongamana. Mpaka huohuo wa boriti wanaujua wakazi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar: vyumba vya nyumba za kale za mawe ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, karibu mita 2.5 hadi 3.

Kuyapandisha mawe hayo kulikuwa mtihani. Kwa hekalu la Artemi huko Efeso, katika karne ya 6 KK, msanifu Metagenes alizifunga ncha za kila arkitravu ndani ya magurudumu makubwa ya mbao, jiwe lenyewe likawa mhimili, kisha ng'ombe wakalivuta kutoka machimboni. Kulipandisha juu ya nguzo, asema mwandishi wa Kirumi Plinio Mkubwa, walijaza viroba vya mchanga hadi vikawa mteremko unaopita juu ya vichwa vya nguzo, kisha wakavitoboa vya chini polepole ili jiwe litue.

Katika Parthenon arkitravu ni mawe matatu yaliyosimamishwa ubavu kwa ubavu. Moja likipasuka, mengine mawili yanabaki kazini. Mbele ya Akropoli, kilima cha Athens chenye Parthenon, kwenye lango la Propylaia lililojengwa kati ya 437 na 432 KK, msanifu Mnesikles alikwenda mbali zaidi. Alificha vyuma ndani ya migongo ya arkitravu za Kiioniki zinazobeba boriti za dari ya marumaru, ili baadhi ya uzito upite kwenye chuma. Kwa macho, jiwe ndilo linalobeba. Kwa hakika limesaidiwa, na msaada umefichwa. Hilo lilifanyika katika enzi ambayo baadaye ilisifiwa kuwa enzi ya ukweli mtupu wa ujenzi.

Chuma kina kisasi chake. Wagiriki walifunika vibanio vya chuma kwa risasi, kutu haikupenya. Mhandisi Nikolaos Balanos alipokarabati Akropoli kuanzia mwisho wa karne ya 19, alitumia vyuma bila ulinzi huo. Vilishika kutu, vikavimba na kuyapasua mawe aliyotaka kuyaokoa. Kazi ya ukarabati iliyoanza baada ya kamati mpya kuundwa mwaka 1975 imekuwa ikiving'oa na kuweka titani.

Warumi waling'oa mzigo, wakaacha umbo

Warumi walikuwa na tao na zege. Tao halina sehemu inayovutwa: mawe yake yote yanabanana, kwa hiyo linavuka nafasi ambayo arkitravu haiwezi kuiota. Kwa mantiki ya mhandisi entablatura ilikuwa imekwisha. Wao hawakuitupa.

Tazama uwanja wa Colosseum, uliozinduliwa mwaka 80 BK. Kinachobeba ni nguzo nene za kuta na matao 80 katika kila moja ya ghorofa tatu za chini. Mbele ya matao hayo zimebandikwa nusu-nguzo, na juu ya nusu-nguzo entablatura inazunguka uwanja mzima, ghorofa baada ya ghorofa, bila kubeba chochote cha maana. Ziondoe kwa mawazo. Jengo litasimama, lakini ukubwa wake hautasomeka. Matao yatajirudia kama matundu, na jicho halitajua ghorofa inaanzia wapi, wala mtu ana ukubwa gani mbele ya ukuta ule. Kazi ya kubeba imekwenda kwa tao. Kazi ya kupima imebaki kwa entablatura.

Warumi wakaiongezea nyingine, ya kutangaza. Frizi ya Pantheon mjini Roma ina jina la Agripa kwa herufi kubwa, ingawa jengo tunaloliona lilikamilishwa enzi za Kaisari Hadrian, zaidi ya miaka 100 baada ya Agripa kufa. Mjini Nîmes, Ufaransa, hekalu liitwalo Maison Carrée lilikuwa na herufi za shaba zilizopachikwa kwenye entablatura ya mbele. Herufi ziliibwa zamani, yakabaki matundu ya misumari. Mwaka 1758 msomi Jean-François Séguier alisoma mpangilio wa matundu hayo na kuyarudishia maneno: hekalu lilitolewa kwa heshima ya Gaio na Lukio, wajukuu ambao Augusto aliwafanya wanawe. Karne nyingi baada ya herufi kutoweka, mahali pake palikuwa bado pakisema nani mwenye mji.

Umbo likishaachiliwa na mzigo, linaweza kupinda. Katika kasri la Kaisari Diocletian huko Split, Kroasia, la mnamo 300 BK, entablatura iliyo mbele ya ua wa ndani inafika kwenye nafasi ya katikati, inajikunja juu kuwa tao, kisha inashuka na kuendelea. Hakuna boriti ya mbao wala ya mawe inayoweza kufanya hivyo. Mgiriki wa enzi za Iktinos angeshtuka. Mrumi alijua tu kwamba chini ya tao lile ndipo mtawala anapotokea.

Enzi ya rula

Karne ya 15 Italia ilipoyarudia magofu, swali la entablatura lilirudi likiwa la kanuni. Filippo Brunelleschi, katika kanisa la San Lorenzo mjini Florence, alitaka matao juu ya nguzo kama makanisa ya kale, lakini hakutaka kuiacha entablatura. Akakata kipande chake kidogo, chenye arkitravu, frizi na konisi, akakiweka juu ya kila kichwa cha nguzo, tao likaanzia hapo. Leon Battista Alberti, aliyeandika juu ya usanifu katikati ya karne hiyo, alikuwa na msimamo mkali zaidi: nguzo ya mviringo ibebe boriti iliyonyooka, tao likae juu ya nguzo ya mraba, ambayo ni kipande cha ukuta. Hakuwa akitetea nguvu ya jengo, maana matao ya Brunelleschi hayajaanguka. Alikuwa akitetea usomekaji: umbo la juu lilingane na ahadi ya umbo la chini.

Baadaye ikaja rula. Mwaka 1562 Giacomo Barozzi da Vignola alichapisha kitabu chenye mitindo mitano ya nguzo, karibu chote michoro. Kanuni yake kuhusu entablatura ni fupi: iwe robo ya kimo cha nguzo, mtindo wowote. Msanifu Andrea Palladio, katika vitabu vyake vya 1570, aliipunguza hadi moja ya tano kwa mitindo myembamba. Vipimo vyenyewe vya magofu vinatofautiana, na hekalu halikujengwa kwa kitabu. Lakini robo ya Vignola ilimwezesha fundi asiyewahi kufika Roma kuchora jengo lisilochekesha, na kitabu kikaenda kila mahali Wazungu walikokwenda na rula zao.

Giulio Romano alikuwa ametangulia kuicheka rula hiyo. Triglifu zake zinazoteleza zinafanya kazi kwa mtu anayejua mahali zinapopaswa kukaa. Mzaha wa namna hiyo ni dalili kwamba kanuni imeshazoeleka mno.

Kibanda cha Laugier na vyuma vya Soufflot

Padri Marc-Antoine Laugier, katika insha yake ya 1753, alitaka kurudi kwenye asili. Akawaza kibanda cha mtu wa kwanza: miti minne iliyosimama, mingine iliyolazwa juu yake, na paa la mteremko. Nguzo, entablatura na pembetatu ya paa ndivyo vitu halali, alisema. Nusu-nguzo zilizobandikwa ukutani na konisi za ndani ya nyumba, ambako mvua hainyeshi, ni uzushi. Hoja yake ilikuwa safi na ilipendwa.

Jengo lililoonekana kuitimiza ni kanisa la Sainte-Geneviève mjini Paris, leo Panthéon, lililochorwa na Jacques-Germain Soufflot na kuanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1750. Mbele yake kuna ukumbi wa nguzo za Kikorintho zilizosimama huru, zenye entablatura iliyonyooka. Nafasi zake ni pana kuliko mawe ya Ufaransa yalivyoweza kuvuka. Soufflot na wahandisi wake walijenga arkitravu kwa vipande vilivyokatwa kama vya tao, wakalinyoosha tao hilo likawa bapa, kisha wakalifuma kwa vyuma vilivyoficha ncha zake ndani ya mawe. Umbo liliapa kwamba ni boriti ya kibanda. Ndani lilikuwa tao lililoshikwa na chuma, karibu sana na zege la nondo ambalo lingekuja karne iliyofuata. Kutu ya vyuma vya aina hiyo imewasumbua watunzaji wa jengo mpaka enzi zetu. Usafi wa Laugier ulikuwa wa macho, nao ulihitaji udanganyifu mkubwa kuliko aliokuwa akiulaani.

Kazi ambayo haikusifiwa

Katika mabishano yote hayo konisi imezungumzwa kama taji, yaani kitu cha kumalizia. Kazi yake halisi ni ya hali ya hewa. Uso wa chini wa konisi ya Kidoriki umeinama kuelekea nje, na ukingo wake umekatwa ili maji yanayoteremka yafike nchani na kudondoka mbali na ukuta. Mikanda midogo iliyo chini yake, ambayo vitabu vya mitindo huiorodhesha kwa majina mengi, husaidia pia: kila mmoja unaotokeza ni mahali ambapo maji yanaweza kukatika kabla ya kufika kwenye picha za metopi. Laugier, kwa ukali wake wote, aliliona hili alipokataa konisi za ndani ya nyumba.

Kazi hii ndiyo iliyosalia hata nguzo zilipoondolewa kabisa. Palazzo Farnese mjini Roma haina safu ya nguzo mbele yake, lakini katika miaka ya 1540 Michelangelo aliivika konisi kubwa inayofunika uso wote wa jengo. Majengo marefu ya New York na Chicago ya mwisho wa karne ya 19 yalibeba konisi za udongo wa kuchoma na za mabati kwenye ghorofa za juu kabisa. Halafu mapambo yale yalipozeeka bila kutunzwa, yakawa hatari. Mwaka 1979 kipande cha uashi kilianguka New York na kumuua mwanafunzi aliyekuwa akipita. Mwaka uliofuata jiji lilipitisha sheria ya kukagua kuta za nje. Wamiliki wengi wa majengo waliona nafuu kubandua kuliko kukarabati. Kuta zilizobanduliwa zikaanza kupokea maji moja kwa moja.

Usasa ulikuwa umefikia uamuzi huohuo kwa njia ya nadharia: konisi ni pambo, na pambo halina kazi. Nusu ya kwanza inajadilika. Nusu ya pili inakanushwa na michirizi myeusi kwenye kuta laini za zege kote duniani.

Hukumu

Maumbo haya yalifika Afrika Mashariki yakiwa yametua mzigo wao zamani. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina ukumbi wa nguzo mbele yake kwa mtindo wa kale, na kwa miaka yake ya mwanzo Waafrika hawakuruhusiwa kuitumia. Hapo entablatura ilifanya kazi ya Kirumi, ya kusema nani mwenye mji. Leo nguzo hizo zimehamia kwenye nyumba za watu binafsi, kuanzia Dar es Salaam hadi Kigali, zikiwa za zege au za kumiminwa kwenye kalibu, mara nyingi zikiwa na nondo ndani na kichwa cha Kikorintho juu. Na kando yake zinaota nyumba za paa la kuficha, zisizo na ukingo wa aina yoyote.

Ni rahisi kuzicheka za kwanza kwa kuwa za bandia na kuzisifu za pili kwa kuwa za kisasa. Kipimo cha kazi tatu kinatoa hukumu nyingine. Ubandia haumshitaki mtu: Colosseum ni bandia, na Propylaia ina chuma kilichofichwa. Lililo muhimu ni kama umbo limebakiwa na kazi yoyote. Entablatura ya zege juu ya varanda, iliyotokeza sentimita 40 na kuchongwa mfereji wa kudondoshea maji kwa chini, inalinda ukuta na kumwambia mpita njia ghorofa inaishia wapi. Inastahili mahali pake, hata kama triglifu zake zimetoka kwenye kalibu. Nguzo mbili zilizosimama mbele ya mlango na kubeba kipande kifupi kisichokinga mvua wala kulinganisha chochote hazina hoja, ziwe za marumaru ya Ugiriki. Na ukuta mtupu wa paa la kuficha, katika mji unaopata masika na vuli, umeikataa kazi ambayo hakuna fundi wa kale, wa mbao wala wa mawe, aliyediriki kuikataa.

Wagiriki waliisogeza nguzo kwa ajili ya pambo kwa sababu pambo ndilo lililoshika hesabu ya jengo zima. Fundi wa leo hana haja ya kuisogeza nguzo. Anachohitaji ni kujiuliza, kabla ya kuagiza kalibu, kile anachokiweka juu yake kitafanya ipi kati ya kazi tatu; na kama jibu ni hakuna, aokoe saruji.